Sauti Iliyotufuata Hombolo

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umekaa penye jua la asubuhi, kifua hakikubani na mguu ule umepungua uvimbe. Je, mvua ya kwanza imeshuka Kondoa, au nanyi mnatazama mawingu yanapita kama wageni wasiopiga hodi? Yule ng'ombe mwekundu kazaa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Rajabu amerefuka, nguo uliyomshonea imekuwa fupi magotini. Siwema ameota meno mapya mbele. Chakula si kingi, lakini hatujalala njaa.

Wifi Halima, wewe unayemsomea mama, funga mlango kwanza. Soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke. Haya si ya majirani.

Mama, mdogo wangu Omari alifika salama na mbuzi wake, akanipa neno lako kama ulivyomtuma. Kwamba Sudi alikuja hadi kwako, akalia mbele yako mpaka kilemba kikalowa. Kwamba ameapa hatanigusa tena. Kwamba wazee wamesema mwanamke hana kwao ila kwa mumewe, na wewe unasema nirudi. Sijapata kukukatalia neno tangu nizaliwe, na neno hili limenikaa kooni. Ndiyo maana nimechukua kalamu ambayo marehemu baba alinifundisha kuishika. Yapo mambo ambayo mtoto wa kiume hawezi kuyafikisha kwa mama yake. Tena Omari unamjua: ukimpa maneno gunia zima, anafikisha kibaba.

Hujawahi kumwona Sudi akiwa nyumbani kwake. Ulimwona mwenye adabu, anayempokea mgeni mzigo. Kambini, kule walikokuwa wakijenga reli upande wa Mkonze, watu walimpenda vivyo hivyo. Alikuwa mnyapara ambaye hata Wajerumani walicheka naye, na vibarua walisema afadhali kiboko cha Sudi kuliko cha mwingine. Jioni alirudi kwetu akivumisha wimbo puani, midomo imefumbwa. Ulikuwa wimbo wa wapagazi, wa zamani, sijui maneno yake. Siku nyingine alirudi kimya, na siku hizo tulikula vizuri. Lakini tukiusikia ule mvumo unakuja kati ya vibanda, tulijua. Haukufika mwisho hata siku moja. Ulikatika mahali palepale, naye alikuwa ameshaingia na ameshafunga mlango.

Hakunipiga kwa hasira, mama. Angekuwa mtu wa hasira ningejua saa ya kukimbia. Alipiga kama mtu anayepigilia msumari, anaangalia umekaa sawa, anapigilia tena. Na Rajabu akajifunza, akisikia mvumo tu, kumchukua mdogo wake na kuingia naye chini ya kitanda, kiganja chake juu ya kinywa cha mtoto. Siwema alijua kunyamaza kabla hajajua kusema.

Palikuwa na mwanamke wa Kigogo aliyeleta chumvi kambini, chumvi ya udongo wanayoichuja na kuichemsha wenyewe. Jina lake Mbeleje. Ni mjane, au alihesabiwa mjane, kwa maana mumewe alichukuliwa na askari kubeba mizigo ya safari ya Wajerumani na hakuonekana tena. Siku moja alikuwa akinipimia chumvi, akamtazama Siwema kwa muda mrefu.

"Mtoto huyu halii?" akaniuliza.

"Ni mpole," nikamwambia.

"Watoto wapole nawajua. Huyu si mpole. Huyu anasikiliza."

Akafunga chumvi yangu kwenye jani, akanyanyuka. "Mimi nakaa Hombolo," akasema. "Nyumba yangu kubwa, watu wake wachache."

Basi Sudi alipotangulizwa magharibi kuandaa kambi mpya, tuliondoka. Tuliondoka mchana kweupe, mimi nimejipaka mafuta na udongo mwekundu kama wanawake wa huku, nimebeba kikapu kitupu cha chumvi kichwani, watoto wamechanganyika na watoto wa wenzake Mbeleje wauza chumvi. Askari wa zamu alitutazama tukipita akapiga miayo.

Nyumba ya Mbeleje ni tembe kama zile unazoziona ukishuka kutoka kwetu: ndefu, chini, paa la udongo unaloweza kulipanda, na ndani giza hata mchana. Alitupa chumba cha mwisho. Siku za mwanzo tulilala kama wafu. Nilidhani yamekwisha, kwamba mtu akitoka ndani ya nyumba yenye moto, moto unabaki nyuma yake.

Kisha ilianza.

Ilikuwa adhuhuri, watu wote wako kisimani au shambani. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye jiwe, nasaga uwele. Watoto walikuwa mlangoni wakichezea mifupa ya mbuzi, ndio ng'ombe wao. Mara mchezo ukakatika. Rajabu alimshika Siwema mkono, hawakukimbia, walinipita wakitembea taratibu kama watu wazima waendao msibani, wakaingia nyuma ya kilindo kikubwa cha gome kinachowekewa mtama. Nikaona macho yao tu.

"Kuna nini?"

"Baba amekuja," Rajabu akasema kwa mnong'ono.

Nikaacha kusaga, nikatega sikio. Hapakuwa na kitu. Nzi, na upepo juu ya paa. Nikatoka nje. Uani palikuwa peupe kwa jua. Mbuga ilikuwa tupu mpaka inapokutana na mbingu, hakuna kilichosimama isipokuwa kimbunga chembamba cha vumbi kilichokuwa kikitembea peke yake kando ya mto mkavu, kinasimama, kinatembea. Niliporudi ndani watoto walikuwa wametoka. "Amekwenda," akasema Rajabu, wakarudi kwenye mifupa yao.

Haikuwa kila siku. Zilipita siku tatu nne za amani, kisha katikati ya mchana, bila sababu ninayoiona, mchezo unakatika na wale wawili wananipita kuelekea kwenye kilindo. Kila mara nilisikiliza, na kila mara sikusikia kitu. Nilimwuliza Siwema wamesikia nini. Akafumba midomo, akanitazama, hakutoa sauti.

Nikasema moyoni, Sudi ametutumia kitu. Mfanyabiashara mmoja wa kwetu alipita na punda, mtu aliyesoma, ndiye aliyekuletea habari zetu. Nikamwomba akaandika aya kwenye sahani, tukaziosha kwa maji, tukanywa sote watatu. Siku mbili baadaye mzee jirani, anayepitisha ng'ombe wake hapa kwenda kisimani, alisimama mlangoni na fimbo yake akapiga hodi.

"Mbukwenyi," akanisalimu kwa salamu yao. "Nimesimama nimsalimie mgeni wenu."

"Mgeni gani, babu?"

"Huyo mwanamume anayeimba ndani."

Mama, nikageuka. Nyuma yangu chumba kilikuwa na watoto wangu tu, na walikuwa nyuma ya kilindo. Mpaka hapo nilikuwa nikijiambia ni hofu ya watoto. Sasa mtu mzima, asiyemjua Sudi wala wimbo wake, naye amesikia. Nyumba nzima inamsikia isipokuwa mimi.

Nilimwona Mbeleje naye amebadilika. Alijipaka mafuta siku zisizo za ngoma. Alipika pombe, akaweka kibuyu kando ya mlango, na hakumruhusu mtu kukigusa. Alipoingia ndani mchana aliingia akitabasamu, kisha anasimama, uso unaanguka, anatoka. Sikumwuliza. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa akimngoja mtu wake.

Katika siku hizohizo Rajabu alipelekwa kuchunga vitoto vya mbuzi. Tulisikia kilio cha mnyama, tukakimbia. Tulimkuta amembana mbuzi mdogo kwenye ua wa miiba, anamchapa kwa kijiti, pigo, anasubiri, pigo, na kinywani anasema taratibu, "Nimekwambia mara ngapi? Nimekwambia mara ngapi?" Sauti haikuwa yake. Sikuweza kusogea. Mbeleje alimwendea, akafungua vile vidole kimoja kimoja, akatupa kijiti. Hakumgombeza. Mguu wa mbuzi ulikuwa umeteguka. Akambebesha Rajabu mabegani, akamwambia, "Huyu hawezi kutembea. Utakuwa miguu yake." Rajabu alimbeba kwenda majini na kurudi mpaka alipopona, na nilimsikia mara nyingi akimnong'oneza sikioni. Sijui alimwambia nini, wala sikutaka kujua.

Sasa nakuja penye uzito, wifi, usiruke.

Ilikuwa mchana tena. Ninasaga. Watoto wamenipita, wako nyuma ya kilindo. Nimezoea, sikutoka hata kutazama nje, nikaendelea na jiwe huku machozi yananidondokea. Mbeleje akaingia. Alisimama nyuma yangu kwa kitambo, nasikia pumzi yake. Kisha akapiga magoti mbele yangu, akanyoosha mkono, akaniwekea kiganja kooni.

"Ni hapa," akasema. "Anatokea hapa."

Chini ya kiganja chake koo langu lilikuwa likitetemeka. Mama, nilikuwa navumisha. Midomo yangu imefumbwa, na ule wimbo wa Sudi, kwa sauti nzito nisiyoijua kuwa ninayo, ulikuwa unatoka puani mwangu kwa mwendo wa jiwe. Nilipousikia ukakatika, palepale ulipokuwa ukikatika siku zote.

Mbeleje aliondoa mkono wake akakaa chini. Nilidhani ataniogopa, lakini alianza kulia. "Nilidhani ni mume wangu, mwenye nyumba, amerudi," akasema. "Nilisikia sauti ya mwanamume nikafurahi, nikampikia. Nikiingia namkosa." Kisha akacheka kidogo katikati ya machozi. "Kumbe pombe yangu nilikuwekea wewe."

Rajabu akachungulia. Alikuwa amesikia yote. Akaniuliza swali ambalo nitakufa nalo: "Mama, ukishakuwa baba, utatupiga?"

Sikuweza kukaa na watoto wangu siku ile. Nilitoka nikaenda kukaa mbugani peke yangu. Nilikuwa nimetembea njia yote ile kumkimbia yule mtu, kumbe nimembeba mwenyewe, ndani ya koo. Nikaona heri wabaki kwa Mbeleje, mimi niende zangu popote. Alinifuata, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Ukienda watasema baba amemchukua. Mvumo ni jeraha. Jeraha likitoa usaha mtu haliachi nyumbani akaondoka. Analifunga."

"Nitalifungaje nami silisikii?"

"Wao wanasikia."

Basi tukawaita watoto. Mbeleje ndiye aliyesema, mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Akawaambia hakuna baba humu. Akawaambia mama yenu ameumia mahali asipopaona, kama mtu aliyechomwa mwiba mgongoni, na nyinyi ndio macho yake. Akisikika, msijifiche. Njooni mmguse, mmwambie anyamaze.

Rajabu alitikisa kichwa. Alikuwa ameokoka miaka mingi kwa kujificha, iweje sasa aifuate sauti? Mara ya kwanza, nilimwona akiingia nyuma ya kilindo kama kawaida. Lakini aliingia peke yake. Siwema alibaki amesimama katikati ya chumba, ameshika nguo yake kwa mikono miwili, amelowa jasho. Nami nikajua kwa kumwona yeye kwamba navumisha. Alikuja hatua kwa hatua kama anayekaribia nyoka. Akaniwekea kidole kooni.

"Nyamaza," akasema.

Nikanyamaza.

Alinitazama, kisha akakitazama kidole chake. Mama, sidhani maisha yake yote kuna kitu kikubwa kilichowahi kumtii. Akatoka nje akitembea, akapita uani, halafu nikamsikia anakimbia, na anapiga kelele tu bila maneno, akizunguka nyumba, mpaka mbwa wakaanza kubweka.

Tangu hapo sikusaga peke yangu. Mbeleje aliwaita wanawake wengine wakaleta mawe yao, tukasaga pamoja, wao wakiimba nyimbo zao nami nikiokota maneno. Haikwisha kwa siku moja. Yapo majuma niliyodhani nimepona, kisha nanusa njiani tumbaku kama ya Sudi, na mchana wake Siwema anakuja na kidole chake. Yapo mambo mengine pia. Rajabu alikojoa kwenye ngozi ya kulalia muda mrefu. Mimi mtu akinijia kwa nyuma nilijikunyata hadi chini, mbele za watu. Hakuna aliyetucheka. Mbeleje alikuwa akianza kuimba tangu mbali kila anaponijia, nijue ni yeye.

Rajabu ndiye aliyechelewa. Halafu siku moja, baada ya mavuno, navumisha bila kujua, nikamwona ametoka nyuma ya kilindo mwenyewe, midomo myeupe, amekuja kusimama mbele yangu. Nikakata. Akasema, "Usikate, mama. Umalize."

"Siujui mwisho wake, mwanangu."

"Mimi pia. Umalize tu."

Nikavumisha nikijisikia kwa mara ya kwanza tangu mwanzo. Tulifika mahali pale. Rajabu alitazama mlango. Mimi nilitazama mlango. Kisha nikapita, nikaenda nisikokujua, nikaushusha wimbo chini kidogo kidogo kama mtu anayetua mzigo, mpaka ukatulia. Mlango ulikuwa umejaa jua tu. Hakuna aliyeingia. Tulikaa tukisubiri hadi mtoto mwenyewe akachoka, akasema ana njaa.

Hiyo ndiyo nyumba aliyoikuta Omari. Alileta doti ya kaniki ambayo Sudi amenitumia, nzuri, mpya. Alipoifungua harufu ya kambi ikajaa chumbani. Siwema alirudi nyuma mpaka ukutani. Na Rajabu, ambaye sijapata kumsikia akimkatiza mkubwa, alimwambia mjomba wake, "Itoe nje, mjomba. Na umwambie bibi haturudi." Omari alinitazama mimi, akitegemea nimkemee. Sikumkemea. Akaikunja, akaipeleka nje.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo, mama, na si la kiburi. Sirudi. Inawezekana machozi ya Sudi ni ya kweli, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hata yangekuwa ya kweli, watoto hawa hawawezi kuwa dawa yake. Naomba mambo mawili. Omari ni walii wangu, aende kwa mwalimu wa dini anidaie talaka mbele ya mashahidi. Na Sudi akija tena, mpe maji, mpe kigoda, na usimtajie jina la mahali hapa, hata akilia damu. Najua kwako kudanganya mgeni ni aibu. Niazime aibu hiyo.

Lipo neno moja tena, na wifi Halima, ukilifikia tazama chini usimtazame mama usoni. Mama, wewe pia ulipokuwa ukisaga ulikuwa ukivumisha. Nimekumbuka hapa, baada ya kiganja cha Mbeleje. Haukuwa wimbo wa kike, wala hatukuujua. Mimi na Omari tulikuwa tukiusikia tunatoka nje bila kuambizana, tunakwenda kukaa kwenye zizi. Hatukujua kwa nini. Sikuulizi ili nimtukane marehemu. Tulimpenda, na herufi hizi ni zake. Nakuuliza kwa sababu sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukuuliza. Ulikuwa wimbo wa nani?

Kama hutaki kujibu kwa karatasi, njoo. Punda wa Omari ni mpole, na Mbeleje amekwisha kusafisha mahali pako karibu na moto. Anasema mwanamke mwenye miaka yako asisage, akae tu atufunze tunapokosea.

Nifikishie salamu kwa mjomba aliyenifunza kukama, mwambie mkono bado upo. Kwa somo yangu aliyenifunda unyago, mwambie sijayasahau, ila yapo aliyoniambia nivumilie ambayo sitamwambia binti yangu. Kwa mkunga aliyewapokea watoto wote wawili. Kwa jirani kipofu anayekuja kuota jua ukutani kwetu, nimemwekea chumvi ya huku, ataionja atajua tofauti. Na kwako wewe wifi, ahsante kwa macho yako na kwa kukifunga kinywa chako.

Nafunga hapa, maana Omari anafungasha. Nje Siwema anagombana na ndama aliyekataa kutoka kwenye kivuli chake, anamwita kila jina baya alilojifunza kwa Wagogo. Sauti yake inafika mpaka mtoni. Wamepita watu wawili wananitazama mlangoni, wanasubiri mama yake amwambie anyamaze.

Simwambii.

Mwanao, tumbo lako la kwanza,
Zaina